Bao, Fermat na Namba 4,294,967,297

Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne zenye mashimo manane kila moja. Kila mchezaji humiliki safu mbili, yaani mashimo 16, na kete zote za mchezo ni 64. Na ichukuliwe kwamba mtu fulani, badala ya kucheza, anaamua kuyajaza mashimo hayo kwa kanuni moja tu: shimo la kwanza lipate kete 1, la pili kete 2, la tatu kete 4, la nne kete 8, na kila shimo lifuatalo lipate maradufu ya lile lililolitangulia. Kete zake 64 hazitamfikisha mbali. Zitatosha kwa mashimo sita, naye atabaki na kete moja mkononi. Shimo la saba peke yake linadai kete 64. Shimo la mwisho, lile la 32, litadai kete 2,147,483,648, na ubao mzima utadai kete 4,294,967,295. Mtu akizihesabu kete hizo moja kwa kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, atahitaji zaidi ya miaka 136.

Jumla hiyo ikiongezwa 2, hupatikana namba ambayo ndiyo shabaha ya makala haya: 4,294,967,297, yaani bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, na mia mbili tisini na saba. Kwa kuitazama tu, haina cha ajabu. Hata hivyo namba hii ilimkosesha mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 17, ikampa sifa kijana mmoja wa karne ya 18, na ingali inawafundisha wanasayansi somo ambalo hakuna fani inayoweza kulipuuza: mifano mingi inayokubaliana si uthibitisho.

Namba sita za ubao

Namba tasa ni namba nzima, kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa mfano 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni tasa. Bali 15 si tasa, kwa sababu ni zao la 3 na 5. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo ni la namna moja tu. Kwa hiyo namba tasa ni kwa hesabu kama matofali yalivyo kwa nyumba.

Msomaji na arudi kwenye ubao. Jumla ya kete katika mashimo ya mwanzo ni rahisi kuipata. Kete moja ikiongezwa katika shimo la kwanza, shimo hilo litakuwa na kete 2, sawa na shimo la pili. Mawili hayo yakiunganishwa hufanya 4, sawa na shimo la tatu. Matatu hayo yakiunganishwa hufanya 8, sawa na shimo la nne. Na hivyo hivyo hadi mwisho. Basi jumla ya kete katika mashimo n, pamoja na kete moja ya nyongeza, ni 2ⁿ, yaani 2 kwa kipeo cha n. Jumla yenyewe ni 2ⁿ − 1, na ikiongezwa 2 huwa 2ⁿ + 1.

Sasa idadi ya mashimo na iongezwe maradufu kila mara:

Shimo 1: kete 1, ikiongezwa 2 ni 3.
Mashimo 2: kete 3, zikiongezwa 2 ni 5.
Mashimo 4 (nusu safu): kete 15, zikiongezwa 2 ni 17.
Mashimo 8 (safu moja): kete 255; zikiongezwa 2 ni 257.
Mashimo 16 (upande wa mchezaji mmoja): kete 65,535, zikiongezwa 2 ni 65,537.
Mashimo 32 (ubao mzima): kete 4,294,967,295, zikiongezwa 2 ni 4,294,967,297.

Namba 3, 5, 17 na 257 ni tasa. Jambo hilo huthibitishwa kwa dakika chache. Namba 65,537 nayo ni tasa. Kuhakikisha hivyo, inatosha kuigawanya kwa namba tasa 54 zilizo chini ya 256, maana namba isiyo tasa hapana budi iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kila mgawanyo huacha baki. Hivyo namba tano za mwanzo zote ni tasa. Je, ya sita?

Dai la Fermat

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria katika mahakama ya Toulouse, Ufaransa. Hisabati haikuwa kazi yake ya kumpatia riziki, lakini barua alizowaandikia wataalamu wenzake zilianzisha upya elimu ya namba katika Ulaya. Mwaka 1640 aliandika kwamba anaamini namba zote za mfululizo huu, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na kuendelea, kila moja ikiongezwa 1, ni tasa. Namba hizo leo huitwa namba za Fermat.

Vipeo hivyo havikuchaguliwa ovyo. Idadi ya mashimo ikiwa na kigawo witiri kilicho kikubwa kuliko 1, namba inayopatikana haiwezi kuwa tasa. Mashimo 3 hutoa 9, ambayo ni 3 × 3. Mashimo 6 hutoa 65, ambayo ni 5 × 13. Mashimo 12 hutoa 4,097, ambayo ni 17 × 241. Sababu yake ni kanuni ya aljebra: x³ + 1 = (x + 1)(x² − x + 1). Kwa mashimo 12, x ni 2⁴, yaani 16. Basi x + 1 ni 17, na x² − x + 1 ni 241. Kanuni ya aina hiyo hiyo hutumika kwa vipeo 5, 7 na namba witiri nyingine zote. Kwa hiyo vipeo pekee vinavyobakisha matumaini ni vile visivyo na kigawo witiri zaidi ya 1, yaani 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea. Fermat aliujua ukweli huo. Alilolikosa ni uthibitisho kwamba matumaini hayo hutimia kila mara, naye mwenyewe alikiri katika barua zake kwamba hakuwa nao. Alikuwa na mifano mitano iliyokubaliana, na imani.

Mtu asidhani kwamba imani hiyo ilikuwa ya kipuuzi. Namba ya sita ina tarakimu kumi. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kwa sehemu ndogo mno, na chini ya 65,536 kuna namba tasa 6,542. Kuigawanya namba hiyo kwa kila moja ya hizo, kwa kalamu ya unyoya, ni kazi ya kuchosha, na kosa moja katika mgawanyo mmoja laweza kuharibu matokeo yote.

Swali la Goldbach na jibu la Euler

Dai hilo lilikaa karibu miaka tisini bila kuthibitishwa wala kukanushwa. Mnamo Desemba 1729, Christian Goldbach aliyekuwa Moscow alimwandikia Leonhard Euler, kijana wa Uswisi mwenye umri wa miaka 22 aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg. Aliuliza kama Euler analifahamu dai la Fermat, na kama lina uthibitisho. Hapo mwanzo Euler hakulijali sana swali hilo. Lakini halikumtoka akilini, na mwaka 1732 alitoa jibu:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Dai la Fermat likaanguka. Msomaji anaweza kulihakikisha anguko hilo kwa kuzidisha: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 40 ni 268,016,680, mara 1 ni 6,700,417, na jumla ya hizo tatu ni 4,294,967,297.

Jinsi ya kukipata kigawo

Kuna njia ya kukifikia kigawo 641 bila kupitia namba tasa zote zinazokitangulia, ambazo ni 115. Njia hiyo hutegemea kanuni aliyoitangaza Fermat mwenyewe katika mwaka ule ule wa 1640: ikiwa p ni namba tasa, na a ni namba isiyogawanyika kwa p, basi a kwa kipeo cha p − 1, ikigawanywa kwa p, hubakisha 1.

Mfano mdogo utaiangaza njia hiyo. Vipeo vya 2, yaani 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256 na kuendelea, vikigawanywa kwa 17 huacha mabaki 1, 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, kisha 1 tena, na mzunguko huanza upya. Urefu wa mzunguko huo ni 8, na 8 hugawanya 16, yaani 17 − 1, kama kanuni inavyodai.

Sasa na ichukuliwe kwamba p ni namba tasa inayogawanya 2³² + 1. Hapo 2³² ikigawanywa kwa p hubakisha p − 1, ambayo ni pungufu ya p kwa 1. Ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 2⁶⁴, nayo hubakisha 1, kwa kuwa pungufu mara pungufu huwa ziada. Basi mzunguko wa mabaki hurudi kwenye 1 baada ya hatua 64, bali haukurudi baada ya hatua 32. Kila urefu mfupi zaidi unaoweza kugawanya 64 hugawanya pia 32. Kwa hiyo urefu wa mzunguko ni 64 kamili. Kwa kuwa urefu huo hapana budi ugawanye p − 1, namba p lazima iwe ya umbo la 64k + 1.

Hivyo badala ya namba tasa zote, inatosha kuchunguza hizi tu: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuendelea. Kati ya hizo kumi, 65, 129, 321, 385 na 513 si tasa, nazo huondolewa. Zinazobaki ni tano: 193, 257, 449, 577 na 641.

Wala hakuna haja ya kuigawanya namba yenyewe ya tarakimu kumi. Kwa 641, inatosha kufuata mabaki. 2¹⁶ ni 65,536. Ikigawanywa kwa 641 hubakisha 154. 2³² ni 65,536 mara yenyewe, kwa hiyo baki lake ni lile la 154 × 154, yaani 23,716. Lakini 641 × 37 ni 23,717. Basi 2³² hupungua kwa 1 tu kufikia kigawe cha 641, na 2³² + 1 hugawanyika sawasawa. Kwa njia hiyo hiyo hupatikana kwamba 193 huacha baki 109, 257 huacha 2, 449 huacha 325, na 577 huacha 288. Hesabu tano fupi, zinazotosha katika ukurasa mmoja, zinafanya kazi iliyoonekana kuhitaji maelfu ya migawanyo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Fermat alikuwa na chombo hicho mkononi. Kanuni yake ingeweza kumwonyesha ukweli hata bila kutafuta kigawo chochote. Kama 4,294,967,297 ingekuwa tasa, basi 3 kwa kipeo cha 4,294,967,296 ingebakisha 1. Kipeo hicho ni 2³², kwa hiyo hufikiwa kwa kuanza na 3 na kuizidisha kwa yenyewe, kutwaa baki, kulizidisha tena kwa lenyewe, na kurudia hivyo mara 32 tu. Baki la mwisho ni 3,029,026,160. Kwa kuwa si 1, namba hiyo si tasa.

Uthibitisho usiohitaji kugawanya

Wanahisabati waliofuata walipata njia fupi ya kuonyesha kwa nini 641 ndiyo ihusikayo. Namba 641 ina sura mbili: ni 640 + 1, ambapo 640 = 5 × 2⁷; tena ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴.

Kwa sura ya pili, 641 ikizidishwa kwa 2²⁸ hutoa 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Lakini 5⁴ × 2²⁸ si kingine ila 640⁴. Kwa hiyo:

641 × 2²⁸ = 640⁴ + 2³².

Kwa sura ya kwanza, aljebra hufundisha kwamba 640⁴ − 1 = (640 + 1)(640 − 1)(640² + 1), yaani:

640⁴ − 1 = 641 × 639 × 409,601.

Mlinganyo wa pili ukitolewa katika ule wa kwanza, 640⁴ hujifuta, na upande wa kulia hubaki 2³² + 1. Upande wa kushoto, kila sehemu ina 641 ndani yake. Basi 2³² + 1 = 641 × (268,435,456 − 261,735,039) = 641 × 6,700,417. Kigawo cha pili kimejitokeza chenyewe.

Je, 6,700,417 nayo yaweza kuvunjwa? Kila namba tasa inayoigawanya huigawanya pia namba ya asili, kwa hiyo lazima iwe ya umbo la 64k + 1. Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha zaidi, kwamba lazima iwe ya umbo la 128k + 1. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifikii 2,589. Chini ya hapo, namba tasa za umbo hilo ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki yake ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna lililo sifuri. Basi 6,700,417 ni tasa, na namba ya ubao mzima ina vigawo tasa viwili tu.

Taarifa za mwaka 1812 zinaeleza kwamba Zerah Colburn, mtoto wa Kimarekani mwenye umri wa miaka minane, aliyekuwa London kuonyesha kipaji chake cha kuhesabu kwa kichwa, alipewa namba hiyo hiyo, naye akavitaja vigawo vyake bila kutumia kalamu.

Ukoo wa namba hizi

Namba za ubao zina uhusiano mwingine kati yake. Mashimo yakiongezwa maradufu, jumla mpya ya kete ni jumla ya zamani mara ile namba ya Fermat iliyokuwa ikiambatana nayo: 1 × 3 = 3; 3 × 5 = 15; 15 × 17 = 255; 255 × 257 = 65,535; na 65,535 × 65,537 = 4,294,967,295. Sababu ni kwamba (2ⁿ − 1)(2ⁿ + 1) = 2²ⁿ − 1. Basi kete zote za ubao mzima ni zao la namba tano za mwanzo:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537.

Kutokana na hayo, namba mbili za Fermat haziwezi kamwe kuwa na kigawo tasa cha pamoja. Kigawo cha namba yoyote ya awali hugawanya jumla ya kete. Kama kingegawanya pia jumla hiyo ikiongezwa 2, kingegawanya tofauti yao, ambayo ni 2. Lakini namba za Fermat zote ni witiri. Ndiyo maana 257, ilipojaribiwa hapo juu, iliacha baki 2.

Matokeo yake ni makubwa. Mfululizo wa namba za Fermat hauna mwisho, na kila moja ina angalau kigawo tasa kimoja ambacho hakimo katika nyingine. Kwa hiyo namba tasa hazina mwisho. Ukweli huo ulithibitishwa na Euclid zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa njia nyingine. Goldbach aliufikia kwa njia hii mwaka 1730. Hivyo mfululizo uliomhadaa Fermat haukupotea bure.

Bikari na rula

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, Mjerumani ambaye hakuwa ametimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa laweza kuchorwa kwa bikari na rula isiyo na alama. Tangu enzi za Wagiriki wa kale hakuna aliyejua kwamba jambo hilo linawezekana. Gauss alionyesha kwamba siri imo katika namba za Fermat: umbo lenye idadi witiri ya pande huchoreka ikiwa idadi hiyo ni namba tasa ya Fermat, au zao la namba tasa za Fermat zilizo mbalimbali. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba maumbo mengine yenye pande witiri hayachoreki kwa vyombo hivyo.

Kwa kuwa namba tasa za Fermat zinazojulikana ni tano tu, maumbo ya aina hiyo yanayojulikana ni 31. Lenye pande nyingi kuliko yote lina pande 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, yaani 4,294,967,295: idadi ile ile ya kete za ubao mzima. Kama Fermat angekuwa amesema kweli, orodha hiyo isingekuwa na mwisho.

Namba hizi katika mitambo ya leo

Kompyuta huandika kila namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi ya tarakimu huitwa biti. Biti 32 ni kama mashimo 32 ya bao ambamo kila shimo ama limejazwa kwa kanuni iliyoelezwa, ama limeachwa tupu. Namba kubwa kuliko zote inayoandikika humo ni 4,294,967,295, na idadi ya namba zote, pamoja na sifuri, ni 4,294,967,296. Anwani za mtandao wa intaneti zilipangwa hapo awali kwa biti 32, na Februari 2011 mafungu ya mwisho yaliyokuwa katika ghala kuu la dunia yaligawiwa. Ilibidi mpango wa anwani za biti 128 utumike pamoja na ule wa kale.

Ugumu uliomshinda Fermat, yaani kukitafuta kigawo kisichojulikana, umegeuzwa kuwa kufuli. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kuficha maandishi ambayo usalama wake hutegemea ugumu wa kuivunja namba iliyo zao la namba tasa mbili kubwa. Katika njia hiyo, kipeo kinachotumika mara nyingi kufungia ujumbe ni 65,537, namba ya upande wa mchezaji mmoja wa bao. Mwaka huo huo namba ya tarakimu 129 ilitolewa kwa umma kama changamoto. Haikuvunjwa hadi mwaka 1994, kwa juhudi ya watu wapatao 600 walioziunganisha kompyuta zao.

Hatima ya dai

Baada ya namba ya sita, mfululizo uliendelea kuchunguzwa. Mwaka 1880 Fortuné Landry wa Ufaransa alionyesha kwamba 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617, ni zao la 274,177 na 67,280,421,310,721. Namba iliyofuata, 2¹²⁸ + 1, ilijulikana tangu mwaka 1905 kwamba si tasa, lakini vigawo vyake havikupatikana hadi mwaka 1970, Michael Morrison na John Brillhart walipotumia kompyuta. Kwa miaka 65 ilijulikana kwa hakika kwamba namba hiyo huvunjika, bila ya yeyote kujua vipande vyake.

Mpaka sasa kila namba ya Fermat iliyo kubwa kuliko 65,537, na ambayo hali yake imejulikana, imeonekana si tasa. Namba ya kwanza ambayo hali yake haijajulikana ni ile ambayo kipeo chake ni 2³³. Ina tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu.

Wanahisabati wengi leo wanadhani kwamba hakuna namba tasa nyingine ya Fermat baada ya zile tano. Dhana hiyo ni kinyume kabisa cha dai la mwaka 1640, lakini imesimama juu ya msingi wa aina ile ile: mifano inayokubaliana, pasipo uthibitisho. Anayemcheka Fermat kwa kuamini mifano mitano hana budi ajihadhari asiamini mingine kwa namna hiyo hiyo. Katika maabara, shambani au hospitalini, majaribio machache yanayofaulu humpa mtafiti sababu ya kuendelea kuchunguza. Hayampi haki ya kufunga daftari.

Mazoezi kwa msomaji

1. Onyesha, bila kujaribu kugawanya ovyo, kwamba 2¹⁰ + 1 si tasa.

2. Vigawo tasa vya 2⁶⁴ + 1 ni lazima viwe vya umbo la 128k + 1. Hakikisha kwamba 274,177 ni ya umbo hilo.

3. Taja maumbo yote ya pande sawa na pembe sawa, yenye idadi witiri ya pande isiyozidi 20, yanayochoreka kwa bikari na rula.

Majibu: (1) 10 = 2 × 5, na 5 ni witiri; kwa hiyo 2² + 1, yaani 5, ni kigawo, na 1,025 = 5 × 205. (2) 274,177 = 128 × 2,142 + 1. (3) Pande 3, 5, 15 na 17.